Mikono Mitatu kwenye Mstari wa Nakijwa

Sogeeni. Mwenye kigoda akae, asiye nacho achuchumae, na yeyote ambaye tayari ana jibu mdomoni alimeze kwanza, maana swali lenyewe bado hajalisikia.

Palikuwa na watu watatu waliokuwa wakitengeneza programu ya ramani ya simu, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza aliitwa Mchome, mtu wa miaka arobaini na ushee. Kabla hajaijua kompyuta alikuwa akiwabebea wapima ardhi minyororo na vigingi. Kipaji chake kilikuwa kujua kitu kinaishia wapi. Ukimsimulia jambo refu atakuuliza mwisho wake ni upi, na hata msibani yeye huwa wa kwanza kuaga.

Wa pili aliitwa Eliakunda, mwanamke aliyekulia chini ya meza ya cherehani ya mama yake. Hakuweza kuona vipande viwili vya kitu kimoja vikalala mbalimbali. Sahani ikivunjika nyumbani kwake haitupwi mpaka ajaribu gundi. Kipaji chake kilikuwa kuunga.

Wa tatu aliitwa Senkondo, mdogo kuliko wenzake, ambaye utoto wake wote aliumaliza akichambua maharage ya kuuza. Kokoto moja ndani ya debe zima alikuwa akiiona kabla hujalitua chini. Kipaji chake kilikuwa kukiona kisicho mahali pake. Kipaji hicho kimemkosesha marafiki kadhaa, lakini hayo si ya leo.

Na wa nne, ambaye ndiye tutakayemfuata, hakuwa fundi wa chochote. Nakijwa alikuwa mhudumu wa afya wa kitongoji cha Kwamzindo, juu kabisa katika milima ya Upare, mjane wa miaka hamsini na miwili mwenye mabinti wawili. Namkunda, mkubwa, aliolewa hapohapo Kwamzindo. Niendiwe, mdogo, aliolewa Ighoma, kitongoji kilicho mlima wa pili. Kipaji cha Nakijwa kilikuwa miguu. Alipanda na kushuka mlima ule tangu msichana, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika isipokuwa juu ya viatu.

Sasa, huko juu gari halifiki. Mgonjwa hubebwa kwa machela mpaka zahanati, kilomita saba za kuteremka, na njia zinagawanyika kila mahali, moja inakwenda shambani kwa mtu, nyingine inaishia porini. Ukungu ukishuka, hata mwenyeji husimama akajiuliza. Mafundi wale watatu walitaka kila kitongoji kiwe na simu moja yenye mstari wa njia ndani yake, ili hata mgeni aweze kuufuata mpaka mlangoni kwa muuguzi. Mstari huo hauchorwi kwa kalamu, unatembewa. Unawasha simu, unatembea, nayo inauliza setilaiti huko angani iko wapi, na kila baada ya hatua chache inaweka nukta. Nukta zikifuatana zinakuwa mstari.

Wakamkabidhi Nakijwa simu. Wakamfundisha siku mbili. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, na kweli alielewa, ila mafunzo yalikuwa ya watu wa mjini.

Siku ya kutembea aliiwasha simu alfajiri, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaenda kulisha mbuzi. Alizunguka uani saa nzima. Ndipo akaanza njia. Alipopita chini ya Jabali, lile jiwe kubwa linaloziba nusu ya mbingu, simu ilishindwa kuziona setilaiti vizuri ikaanza kubahatisha. Alipofika kwenye kijito aliizima kabisa, akaitia ndani ya mfuko wa nailoni, kwa sababu aliogopa maji yasije yakaiunguza. Ng'ambo ya pili alimkuta mwanamke anayeosha tangawizi, wakasalimiana kwa kirefu, na baada ya kupanda mwinuko wote akakumbuka kuiwasha tena. Akafika zahanati, akakabidhi taarifa zake. Nje barabarani lori la tangawizi lilikuwa linakwenda mnadani, dereva akampa nafasi mbele, naye akapanda na simu yake bado inaweka nukta, kilomita thelathini, mpaka sokoni penye vitunguu.

Wiki ile mafundi walipanda kwake na kompyuta moja, wakaiweka juu ya meza ya chakula, wakaufungua mstari. Mwanzo wake ulikuwa kama uzi uliochezewa na paka, katikati palikuwa na miruko ya ajabu, mbele yake pengo, na mwisho mkia mrefu unaotambaa mpaka nje ya ramani.

Nakijwa aliona aibu. Alisema, "Nimewaharibia kazi, wanangu."

"Hujaharibu, mama," Mchome alijibu. "Kila mtu ataturekodia hivihivi. Ni heri tumeyaona kwako kwanza."

Kila mmoja akaenda kutengeneza zana yake ya kuutibu mstari, na mwezi uliofuata walirudi kwenye meza ileile.

Mchome alileta zana ya kukata. Unaweka kidole pale unapotaka mstari uanzie, unaweka kingine pale unapotaka uishie, kilichobaki kinaanguka. Akaikata saa ya mbuzi, ikaanguka. Akaja kwenye mkia. Yeye, kwa mazoea yake ya upimaji, alitaka mstari uishie barabarani, mahali Nakijwa alipopandia lori. Nakijwa akamshika mkono. "Zahanati haiko barabarani. Unaipita kwanza, mlango uko juu ya ngazi, nyuma ya matangi ya maji. Mtu akifuata mpaka barabarani amekwisha kuipita." Mchome akaurudisha mwisho nyuma, hatua kwa hatua, mpaka kwenye ngazi. Na kwa kuwa sasa mstari ulikuwa na mwisho wa kweli, programu iliweza kuhesabu na kutamka: imebaki kilomita mbili, zimebaki mita mia nne. Kabla ya hapo ilikuwa ikihesabu mpaka kwenye vitunguu.

Eliakunda alileta zana ya kuunga. Mstari ulikuwa vipande viwili, kimoja kinaishia juu ya kijito na kingine kinaanzia ng'ambo ya pili, na programu ikifika mwisho wa kipande cha kwanza inadhani safari imekwisha. Kuviunga kwa mstari ulionyooka ni kazi ya kubonyeza mara moja, na hivyo ndivyo alivyofanya kwanza. Nakijwa akauliza, "Hapo umewapitisha wapi?" Aliwapitisha kwenye shimo la maji ambamo ng'ombe wawili wamewahi kufia. Eliakunda akaufuta ule mstari, akaibadilisha zana yake ikawa inamwachia mtu achore kwa kidole. Nakijwa akachora: kushoto kwanza, kufuata mkuyu, mawe mawili, halafu juu. Eliakunda akakifanya kipande kile kiwe cha nukta zilizoachana, ili anayefuata ajue kwamba hapa simu haikutembea, hapa ni mkono wa mtu, kwa hiyo afumbue macho.

Senkondo alileta zana ya kusafisha, na yeye ndiye aliyekuja na majivuno kidogo. Zana yake haikuhitaji kidole. Yenyewe ilikuwa inaupitia mstari, nukta kwa nukta, ikiuliza kama mtu mwenye miguu miwili anaweza kutoka pale kuja hapa kwa sekunde chache. Chini ya Jabali ilikamata nukta tisa zilizorukia ng'ambo ya genge lililo kando ya njia na kurudi. Mtu akizifuata anatembea hewani. Zana ikazifuta zote, na mstari ukapita salama chini ya jiwe. Senkondo akakunja mikono kifuani.

Nakijwa akainama karibu na kioo. Akatazama juu zaidi, karibu na kitongoji. "Na hapa pamekwenda wapi?"

"Wapi, mama?"

"Hapa nilizunguka. Nilikwenda kulia, nikapinda, nikarudi kwenye njia. Wewe umenyoosha."

Senkondo akaeleza kwamba pale mstari ulikuwa na tumbo, hatua mia tatu za kuzunguka bila sababu, na zana imeliona ni kosa. Alieleza kwa adabu, lakini kwa sauti ya mtu anayemfundisha mwenzake.

"Sababu ipo," Nakijwa alisema. "Hapo ni mpungi. Ni msitu wa ukoo, hapapitwi katikati. Ukimpitisha mtu wa Kwamzindo hapo na machela, ataiweka chini arudi nyumbani, hata kama aliyelala juu yake ni mama yake. Na mgeni asiyejua atatumbukia kwenye kinamasi kilichomo ndani. Wazee wetu hawakuzunguka kwa kukosa kazi."

Alikasirika kweli, na hakuficha. Alitembea njia ile miaka arobaini, na chombo cha mtu asiyewahi kuikanyaga kimemwambia amekosea. Senkondo akalirudisha tumbo la mstari, akakaa na zana yake siku mbili nyumbani kwa Nakijwa, akala ugali wake, akaibadilisha. Toka siku hiyo zana haifuti kitu bila kuuliza. Inakuonyesha nukta, inakuuliza, nawe ndiye unayesema ndiyo au hapana.

Mstari ukakamilika. Ukatiwa ndani ya simu ya kitongoji kwa rangi nyekundu. Mafundi wakashuka.

Sasa sikilizeni yaliyotokea mwezi wa pili, siku ya Jumanne.

Nakijwa alikuwa zahanati kwa siku ya chanjo. Simu ya kitongoji aliiacha nyumbani kwa Namkunda, kama ilivyokuwa desturi yake anapokuwa safarini. Namkunda alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa bado wiki mbili. Asubuhi hiyo wanaume wote wa Kwamzindo walikuwa wamekwenda kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, kuzibua ndiva, bwawa la kumwagilia lililo mwendo wa saa mbili juu zaidi. Mume wa Namkunda naye alikuwa huko na jembe lake. Saa nne uchungu ukamshika Namkunda, na damu ikatangulia. Nje, ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye vizingiti vya milango.

Wanaume waliobaki kitongojini walikuwa wanne tu, maseremala kutoka tambarare waliokuja kuezeka darasa. Hawakuwa wamewahi kushuka kwa njia ile; walipanda kwa njia ya upande wa pili na mbao zao. Mama mkwe wa Namkunda, ambaye magoti yake hayamruhusu kwenda mbali, aliwaita, akawapa machela, akamkabidhi mkubwa wao, Shemdoe, ile simu. Alimwambia, "Fuata mstari mwekundu. Usimfuate mtu yeyote, hata ukikutana na anayejifanya anajua."

Yaliyotokea njiani Nakijwa aliyapata baadaye kwa Shemdoe mwenyewe, na alimfanya ayarudie mara tatu.

Walipotoka tu, karibu na msitu, seremala aliyekuwa mbele alitaka kukata moja kwa moja maana njia ilionekana kunyooka. Shemdoe akasema mstari unazunguka, tuzunguke. Chini ya Jabali hawakuliona jiwe lenyewe, waliona weupe mtupu kulia kwao na wakasikia maji mbali sana chini. Mstari uliwabana kushoto, nao wakajibana. Kwenye kijito waliona nukta zimeachana. Shemdoe akasimama, akaiinamia simu, akainua macho, akauona mkuyu, akayaona mawe mawili, wakavuka maji yakiwafika vifundoni. Na toka hapo walikuwa wamechoka kiasi kwamba mmoja alianza kulia bila kujificha, lakini simu ilikuwa inatamka: imebaki kilomita moja, zimebaki mita mia sita, zimebaki mita mia mbili. Walipoambiwa zimebaki mita ishirini hawakuona jengo lolote. Waliona ngazi.

Nakijwa alikuwa akiandika majina ya watoto wa chanjo alipowaona watu wanne wasiojulikana wakiingia na machela iliyolowa maji, na akalitambua blanketi kabla ya kuutambua uso. Kalamu ilimwanguka. Hakuiokota. Muuguzi Mgonja alimsukuma nje kwa kiwiko akafunga mlango, na Nakijwa akakaa kwenye ngazi zile zile alizomwelekeza Mchome kwa kidole. Aliogopa kuliko siku aliyofiwa na mume, kwa kuwa siku ile jambo lilikuwa limekwisha, na hili lilikuwa bado.

Muuguzi alitoka baada ya muda akijifuta mikono. "Mama yuko, mtoto yuko. Ni wa kike. Mngechelewa nusu saa, ningekuwa na maneno mengine ya kukwambia."

Basi. Kama hadithi ingeishia hapo mngekwenda kulala wenye furaha, nami nisingekuwa na sababu ya kuwasumbua.

Wiki tatu baadaye mafundi walipanda tena Kwamzindo, kumwona mtoto na kuleta habari. Walikuwa wamepata simu kumi na mbili, moja kwa kila kitongoji cha tarafa ile. Lakini zilikuwa simu zilizokwishatumika na watu wengine, ndogo, zenye nafasi finyu. Waliingiza programu na zana zote tatu, simu zikaganda. Wakaondoa moja, zikafunguka, kisha zikaganda mtu alipotembea kilomita mbili. Wakaacha zana moja tu, zikafanya kazi kutwa nzima bila kusumbua. Wakajaribu kuzibana hizo zana, wakajaribu kuzipunguza, wakakesha juu yake, jibu likawa lilelile. Zana moja.

Najua mnachotaka kusema. Mtasema mistari itengenezwe kwenye kompyuta yao. Ndivyo walivyofanya kwa Nakijwa. Lakini masika yalikuwa wiki mbili mbele, na masika yakianza barabara ya mlimani inakatika mpaka mwezi wa sita. Hakuna fundi atakayepanda na hakuna simu itakayoshuka, na mtandao huko ni wa kusimuliwa. Kila mhudumu atatembea njia yake, ataitengeneza mwenyewe papo hapo kwa zana atakayoikuta ndani ya simu, na njia hiyo ndiyo itakayobeba watu wakati wa mvua, ukungu ukiwa mwingi kuliko wakati wowote.

Walikaa barazani. Chai ilipoa.

"Mimi nasema ukweli wangu," Mchome alianza. "Njia isiyokuwa na mwisho si njia. Watu wangempeleka yule binti mpaka mnadani. Kila mhudumu atasahau kuzima simu. Kila mmoja. Kosa hili halimwachi mtu."

Eliakunda akasema, "Mkia mrefu unachosha, kaka, lakini mtu akipita zahanati atauliza. Mstari ukikatika katikati ya pori utamuuliza nani? Wangefika kwenye kijito simu ikawaambia mmefika. Na mvua zikija, nani atavuka maji na simu imewashwa? Wote wataizima."

"Njia ndefu inakuchelewesha," Senkondo akasema. "Njia iliyokatika inakusimamisha. Njia yenye uongo inakuua. Wale watu walipita hatua mbili kutoka kwenye genge."

"Shemdoe si kipofu," Eliakunda akamjibu. "Genge angeliona."

"Katika ukungu ule? Yeye mwenyewe amesema hakuona kitu."

"Na hiyo zana yako," Mchome akamkumbusha, "ilikuwa imewapeleka kwenye kinamasi."

"Na yako ilikuwa imewapeleka barabarani. Na ya dada ilikuwa imewazamisha. Tukianza hivyo hatumalizi."

Hawakumaliza kweli. Mwisho walikubaliana jambo moja tu, kwamba mtu hawezi kuwa hakimu wa zana yake. Wakamgeukia Nakijwa. Mchome akasema, "Mama, njia uliitembea wewe, na aliyebebwa ni mwanao. Chagua, sisi tutanyamaza. Zana moja ibaki, na itaitwa kwa jina la aliyeitengeneza."

Nakijwa akauliza, "Na hizo nyingine mbili?"

"Zitarudi baada ya masika, tukipata simu kubwa."

"Baada ya masika," Nakijwa alirudia, akahesabu vidole chini ya khanga. Niendiwe, binti yake wa pili, alikuwa Ighoma na mimba ya miezi saba. Siku zake zingefika katikati ya mvua.

Njia ya Ighoma ilikuwa bado haijatembewa. Nakijwa aliijua. Inapita kwenye ukingo wa genge, si chini ya jiwe bali juu yake. Inavuka vijito viwili. Inaishia kwenye zahanati ileile, barabara ileile, malori yaleyale ya tangawizi. Mhudumu wa Ighoma ni Kaanaeli, aliyekuwa utingo zamani, na hakuna lori linalompita Kaanaeli bila kumpa nafasi. Ni mwangalifu na vitu vya watu, kwa hiyo maji akiyaona ataizima simu, labda. Hasalimiani kwa kirefu, kwa hiyo ng'ambo ya pili ataiwasha mapema, labda. Kuhusu setilaiti, hakuna anayeweza kumsemea Kaanaeli wala setilaiti.

Msiniambie Nakijwa apande akamfundishe asikosee. Nakijwa mwenyewe alifundishwa siku mbili. Wala msiniambie aende akaitembee yeye. Yeye amepewa njia za Kwamzindo, na alijua vizuri kwamba mtu anayejiamini na njia ndiye anayesahau simu pindoni.

Aliomba mpaka kesho. Jioni alikwenda kwenye darasa linaloezekwa, akawauliza maseremala ni kitu gani kiliwafikisha. Shemdoe alisema ni zile nukta zilizoachana, kwa sababu zilimwambia atumie macho yake. Wa pili alisema ni kule kubanwa kushoto chini ya Jabali, na kwamba mpaka leo akisikia maji mbali hujibana kushoto. Wa tatu, yule aliyelia, alisema ni sauti ya kuhesabu mita, bila ile angeiweka machela chini akae. Wa nne alisema hakumbuki, alikuwa anatazama visigino vya aliye mbele yake.

Akapitia kwa Namkunda, akamkuta ananyonyesha. Akamweleza yote.

"Mimi nilikuwa nimelala, mama, niliona weupe tu," Namkunda alisema. "Unaniuliza nani aliniokoa?"

"Nakuuliza nani atamwokoa mdogo wako."

Namkunda akamhamishia mtoto ziwa la pili, akafikiri. "Hayo si swali moja," alisema.

Na hapo, wasikilizaji wangu, ndipo Nakijwa alipokosa usingizi. Akitaka kulipa fadhila, anawiwa na watu watatu sawasawa, na mjukuu wake ni ushahidi. Ungemwondoa Mchome, mtoto asingekuwepo. Ungemwondoa Eliakunda, asingekuwepo. Ungemwondoa Senkondo, asingekuwepo. Na akitaka kumlinda Niendiwe, inabidi aache kufikiri nani alimsaidia jana, aanze kufikiri ni kosa gani la Kaanaeli ambalo binti yake anaweza kulivumilia akiwa juu ya machela, mabegani mwa watu waliochoka, katika mvua: kupita mlango, kusimama porini, au kukanyaga hewa. Na hata hilo la tatu, linalotisha kuliko yote, huenda lisitokee kabisa, na lile la kwanza, dogo kuliko yote, huenda likatokea kwa hakika.

Asubuhi lori lilipiga honi chini barabarani, sauti ikapanda mpaka Kwamzindo. Lilikuwa la mwisho kabla ya mvua. Mafundi watatu walikuwa wamesimama uani na mizigo yao begani. Simu kumi na mbili zilikuwa mezani, pale pale palipokuwa na kompyuta, na ile iliyoandikwa Ighoma kwa wino ilikuwa ya kwanza. Mchome hakumtazama Nakijwa usoni. Eliakunda alikuwa akikunja na kukunjua mkanda wa mkoba wake. Senkondo alikuwa akiokota kokoto za uani, moja moja.

Nakijwa akaishika ile ya Ighoma. Akafungua kinywa akalitaja jina moja, zana ya mwenye jina ikatiwa ndani ya simu, na wawili wakanyamaza kama walivyoahidi, na wote watatu wakateremka mlima.

Jina hilo ninalijua, na sitalitaja. Nilipewa kwa sharti la kutolitaja mpaka nimewauliza wengine, kwa sababu mpaka leo Nakijwa anataka kujua kama watu wangechagua kama yeye. Kwa hiyo weka mimba ya miezi saba Ighoma, mimba ya mwanao mwenyewe. Weka mvua, weka ukungu, mpe Kaanaeli simu yake. Unayo nafasi ya zana moja, na honi imepigwa mara ya pili.

Je, wewe ungelitaja jina la nani?